Shingo ya Mti Haifukiwi

Shina la mti halitoki ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme. Linapokaribia udongo hutanuka, likagawanyika taratibu kuwa mizizi mikuu, na mizizi hiyo huonyesha migongo yake juu ya ardhi kwa hatua moja, mbili au zaidi kabla ya kuzama. Mahali hapo, shina linapoishia na mizizi inapoanzia, ndipo shingo ya mti. Katika mwembe wa makamo shingo ni pana kuliko shina lenyewe. Katika msufi hutoa mbawa zinazoweza kufika kimo cha mtu. Katika mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ya Desemba, hutandaza mizizi juu juu kama vidole vya mguu wa kuku. Hilo ndilo umbo la mti wenye afya.

Katika miji ya Afrika Mashariki, hata hivyo, umbo hilo limekuja kuhesabiwa kuwa kasoro. Mwenye nyumba akiona mizizi ya mwembe wake iko wazi husema mti umebaki uchi, na dawa inayopendekezwa na karibu kila mtu, kuanzia jirani hadi mkandarasi, ni moja: mti uzungushiwe duara la matofali, lijazwe udongo mwekundu hadi usawa wa magoti, yapandwe maua juu yake, na eneo linalobaki lipigwe sakafu au litandikwe vitofali vya zege. Kazi ikiisha, shina hupakwa chokaa. Desturi hiyo imeenea majumbani, shuleni, maofisini, hotelini, kwenye viwanja vya misikiti na makanisa, mpaka imekuwa ndiyo maana yenyewe ya kutunza mti mjini. Inasimama juu ya madai matatu: kwamba mizizi iliyo wazi ni dalili ya ugonjwa, kwamba udongo wa nyongeza hulisha mti na kuushikilia, na kwamba ardhi isiyosakafiwa chini ya mti ni uchafu. Madai yote matatu hayana msingi, na gharama yake hulipwa kwa miti iliyochukua miaka hamsini kukua.

Dai la kwanza huanguka mara tu linapoulizwa swali la mizizi imefikaje juu. Mara nyingi mizizi haikupanda. Udongo ndio ulioshuka. Uani mwa nyumba ya pwani ufagio wa chelewa hupita chini ya mwembe kila alfajiri. Kila mpigo huondoa majani yaliyodondoka, na pamoja nayo vumbi jembamba la udongo wa juu, vyote vikasukumwa hadi jalalani au mtaroni. Mistari ya ufagio hupendeza, na nyumba husifiwa kwa usafi. Lakini majani yale ndiyo yangeoza yakawa udongo mpya, na vumbi lile ndilo udongo wa zamani. Ua hupoteza vyote viwili asubuhi moja. Mvua za masika nazo, zikikuta ardhi tupu, huchukua kilichosalia. Baada ya miaka ishirini usawa wa ardhi umeshuka, na mizizi iliyokuwa imefunikwa kidogo imebaki nje.

Sababu ya pili ni unene. Mzizi hunenepa mwaka hadi mwaka kama tawi linavyonenepa. Uliokuwa mwembamba kama kidole, sentimita tano chini ya uso wa ardhi, ukifikia unene wa paja hauna budi kujitokeza juu. Sababu ya tatu ni ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya mwambao na visiwa vyake ina udongo mchache uliolala juu ya mwamba wa matumbawe. Bara nako, penye udongo mzito uliokandamizwa na magari na pikipiki zinazotafuta kivuli, mizizi hushindwa kupenya chini, ikatambaa juu. Katika hali zote tatu mti umejipatanisha na mahali ulipo. Mgonjwa hapo ni udongo: umefagiliwa, umeoshwa na mvua, umekanyagwa. Anayezika mizizi anamtibu asiyeumwa na kumwacha anayeumwa.

Dai la pili, kwamba udongo wa nyongeza hulisha mti, linatokana na picha isiyo sahihi ya maisha ya chini ya ardhi. Wengi huamini kwamba mti una mzizi mkuu mmoja unaozama moja kwa moja, urefu wake sawa na wa shina, na kwamba chakula kiko huko chini. Mzizi wa namna hiyo huonekana zaidi kwenye mche. Mti ukikomaa, sehemu kubwa ya mizizi yake, hasa ile midogo inayofyonza maji na madini, huwa katika sentimita 30 hadi 60 za juu, na husambaa kwa upana kupita mbali ncha za matawi. Hukaa huko juu kwa sababu huko ndiko kwenye mboji, na huko ndiko kwenye hewa.

Hewa ndiyo kiini cha jambo. Mzizi ni kiungo hai kinachopumua. Hutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa, usiku na mchana, na bila oksijeni hushindwa kufyonza hata maji yaliyouzunguka. Udongo mzuri karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa na maji. Kifusi cha sentimita 40 kikimwagwa juu yake na kushindiliwa, nafasi hizo hubanwa, njia ya hewa hurefuka, na maji ya mvua nyepesi huishia ndani ya kifusi yasiifikie mizizi ya zamani. Mizizi iliyozoea kuwa karibu na uso wa ardhi hujikuta imezikwa. Inayokufa kwanza ni ile midogo, nayo ndiyo mdomo wa mti. Duara lililojengwa ili mti upate chakula huanza kwa kuuziba mdomo huo.

Madhara ya shingoni ni mabaya zaidi. Gome la shina limeumbwa kukaa kwenye hewa: hulowa mvua ikinyesha, hukauka jua likitoka. Chini yake, kwa kina kidogo tu, kuna mirija ya floemu inayoshusha sukari kutoka majanini kwenda mizizini, na utando hai wa kambiamu unaounenepesha mti. Gome hilo likizungukwa na udongo wenye unyevu mwaka mzima hulainika, na vimelea vya ardhini hupata mlango. Wanaojulikana zaidi ni wa jamii ya Phytophthora, wanaoozesha shingo na mizizi ya miparachichi, michungwa na miti mingine mingi. Uozo ukiizunguka shingo nzima, sukari haishuki tena. Mizizi hufa njaa, na mti huifuata.

Jambo hili si geni kwa wakulima. Mkulima wa machungwa wa Muheza akipanda mche wa kubebeshwa huhakikisha kiungio kinabaki juu ya udongo, maana kikifukiwa mti huweza kutoa utomvu shinani na kuoza. Anayepanda parachichi Njombe, Rungwe au Murang'a hufundishwa vivyo hivyo. Vitalu hutoa agizo lile lile kwa mche wa aina yoyote: usiingie ardhini kwa kina kuliko ulivyokuwa ndani ya kiriba. Kanuni inayoheshimiwa kwa mche wa bei ya vocha ya simu huvunjwa kwa mti wa nusu karne, tena kwa mifuko ya saruji na ujira wa fundi.

Ushahidi wa wazi zaidi uko Mwache, hori lililo magharibi mwa kisiwa cha Mombasa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisomba udongo kutoka bara na kuumwaga katika misitu ya mikoko. Miti hiyo inajulikana kwa ustahimilivu. Huishi katika chumvi na katika tope lisilo na hewa kwa sababu imejitengenezea njia ya kupumua juu ya tope hilo: mkoko kwa mizizi yake iliyosimama kama nguzo za kibanda, mchu kwa vijiti vyake vinavyochomoza kama penseli. Udongo ulipoifunika mizizi hiyo, miti ilikosa hewa ikafa katika maeneo makubwa, ikabaki miti mikavu imesimama matopeni. Haikupigwa shoka. Kilichoiua ni kitu kile kile kinachobebwa kwa toroli na kumwagwa ndani ya duara la matofali. Ikiwa mkoko, uliozaliwa matopeni, hauvumilii kufukiwa ghafla, mwembe utavumiliaje?

Duara lenyewe huumiza hata kabla ya kujazwa udongo. Fundi huchimba msingi wa ukuta wake umbali wa mita moja hivi kutoka shinani. Hapo ndipo ilipo mizizi minene inayoshikilia mti, na sururu na panga huikata kuuzunguka mti mzima. Nchini Uingereza, kiwango cha BS 5837 kinachoongoza ujenzi karibu na miti huelekeza eneo la mizizi lilindwe kwa duara ambalo nusu kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina. Mti wenye shina la sentimita 50 huhitaji mita 6 kila upande, yaani mita za mraba zipatazo 113. Duara la matofali lenye nusu kipenyo cha mita 1 lina mita za mraba 3 na kidogo. Mti huachiwa chini ya sehemu 3 kwa kila 100 za ardhi yake, na hata hizo zimefukiwa.

Zege linalofuata hukamilisha madhara. Hufunga njia ya mvua na kuipasha ardhi joto la jua. Chokaa iliyomo katika saruji huchujuka na kuufanya udongo uwe wa alikali zaidi, hali inayouzuia mti kupata madini ya chuma na manganizi hata kama yamo ardhini. Majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mwenye nyumba akiona hivyo huamini mti una njaa, akaongeza mbolea na udongo. Nayo chokaa inayopakwa shinani, ingawa haiui mti, hufunika nyufa, utomvu na uyoga, dalili ambazo zingemwonya mapema.

Wapo wanaoyakubali hayo, kisha wakasema kwamba udongo angalau huuzuia mti usianguke. Dai hili ni la hatari kwa sababu linagusa maisha ya watu. Nguzo hushikiliwa na kina ilichozikwa. Mti hushikiliwa na upana wa mizizi yake, iliyotandazwa pande zote kama kamba za hema, pamoja na uzito wa udongo ulioshikwa na mizizi hiyo. Upepo ukiusukuma mti, nguvu yote hupita shingoni, na ndiyo sababu shingo ikawa nene. Udongo laini uliomwagwa kulizunguka shina hauongezi uimara wowote wa maana. Unachofanya ni kuficha. Uozo huendelea gizani huku matawi yakiwa bado ya kijani, kwa kuwa maji hupandishwa na mbao za ndani ambazo uozo wa gome huchelewa kuzigusa. Siku ya dhoruba mti huangukia paa au gari, na watu hushangaa jinsi ulivyokuwa mbichi. Shingo ingekuwa wazi, mtu yeyote angeuona ufa au uyoga miaka kadhaa kabla.

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni ya jirani ambaye mti wake ulizungushiwa matofali miaka mitano iliyopita na bado unazaa maembe. Miaka mitano ni muda mfupi katika maisha ya mti. Mti mkubwa huweka akiba ya wanga katika shina na mizizi, na huishi kwa akiba hiyo huku ukidhoofika polepole. Ncha za matawi ya juu hukauka kwanza. Majani mapya huwa madogo. Kifo huweza kuja mwaka wa nane, wa kumi au wa kumi na tano, wakati fundi amekwisha kusahauliwa, na lawama hupewa mchwa waliokuja kula kilichokwisha kufa.

Anayetaka kuthibitisha haya hahitaji maabara. Duara la zamani likibomolewa upande mmoja na udongo ukatolewa kwa mkono, kwanza huonekana mizizi myembamba, mipya, iliyopanda ndani ya kifusi kutafuta hewa. Mingine imelizunguka shina na kuanza kulikaba kama kamba ya mbuzi iliyosahauliwa shingoni. Chini zaidi udongo huwa mweusi, wenye harufu ya kuvunda. Gome likibonyezwa kwa kidole gumba hubonyea. Likikwaruzwa kwa ukucha hubanduka, na ndani yake hakuna weupe wa uhai, ni kahawia tupu, majimaji. Mtafiti Alex Shigo wa Marekani, aliyeishi kati ya 1930 na 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone uozo unavyosafiri ndani yake. Alionyesha kwamba mti hauponi kidonda kama mnyama anavyopona. Huzungushia sehemu iliyoharibika kuta za kinga, kisha hukua nje ya kuta hizo. Kidonda kilichofungwa shingoni kwa sababu ya kifusi hubaki ndani ya mti maisha yake yote.

Haki inataka itajwe mimea isiyoifuata kanuni hii sawasawa. Mnazi hauna kambiamu, na mizizi yake yote huota kutoka kitako cha shina. Mnazi mzee ambao kitako chake kimeinuka huweza kusaidiwa na udongo kiasi unaofunika sehemu ya kuotea mizizi mipya. Mgomba nao hupandishiwa udongo. Mikuyu na mitini hutoa mizizi shinani kwa wepesi, hivyo huvumilia kufukiwa kuliko mwembe au mparachichi. Lakini kuvumilia ni jambo moja na kunufaika ni jingine, na haifai kuitungia miti yote kanuni kwa kuutazama mnazi.

Dai la tatu, la uchafu, ndilo gumu kung'oa kwa sababu linahusu heshima ya nyumba. Usafi ni jambo jema, wala hakuna anayetaka ua uwe pori. La kuamua ni kitu gani kihesabiwe uchafu. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hutandaza majani makavu ya migomba chini ya mibuni yake. Wa Kagera hutandaza nyasi katika kibanja. Hakuna anayewaita wachafu. Husifiwa kwa bidii, kwa kuwa kila mtu anaona udongo wao ulivyo mweusi na mikungu yao ilivyo mikubwa. Jani lililoanguka chini ya mwembe ni chakula kinachorudi kwa mwenyewe. Kulifagia na kulichoma, kisha kununua mbolea ya mfuko, ni hasara inayorudiwa kila mwaka.

Pambo linalofaa chini ya mti ni matandazo. Majani makavu, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, magome au vipande vya mbao hutandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, kuanzia shubiri moja kutoka shingoni na kwenda mbali kadiri nafasi inavyoruhusu. Penye mizizi iliyo wazi sana, udongo mwepesi uliochanganywa na mboji huwekwa kati ya mgongo mmoja na mwingine, kidogo kidogo, migongo yenyewe ikiachwa ionekane. Mpaka wa eneo huwekwa kwa mawe yaliyolazwa juu ya ardhi bila kuchimba msingi. Baada ya misimu michache tabaka la chini hugeuka mboji, minyoo hurudi, na maji ya mvua huzama mahali yalipokuwa yakitiririka. Ufagio hubaki na kazi yake kwenye njia na barazani. Kuchoma taka chini ya mti hukomeshwa kabisa, maana moto wa nusu saa huweza kuunguza kambiamu ya upande mzima wa shina.

Matandazo yana wapinzani wake, na hoja zao zinastahili jibu. Husemwa kwamba huleta mchwa. Mchwa walio wengi hula mbao na majani yaliyokufa. Gome zima na lenye afya lina kinga yake. Ile shubiri moja inayoachwa tupu shingoni humwezesha mwenye mti kuona vijia vya udongo vya mchwa mapema, na tahadhari ya kutosogeza matandazo kwenye ukuta wa nyumba hulinda milango na kenchi. Husemwa pia kwamba huficha nyoka. Lundo la takataka huficha nyoka. Tabaka la sentimita chache lililosambazwa sawasawa halina maficho ya maana. Hatari ya kweli ni vifuu vitupu. Hushika maji, na mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika vyombo vidogo vya namna hiyo. Makumbi yatumike, vifuu viondolewe.

Mwenye kutaka maua hanyimwi. Miche midogo, ya ukubwa wa ngumi, hupandwa kwa kijiti au kwa mkono katika vifuko vya udongo kati ya mizizi, bila jembe. Mimea inayofaa ni ile iliyozoea kivuli na ukame, kwa kuwa mti huchukua sehemu kubwa ya maji. Mkonge mwitu wenye majani marefu yaliyosimama ni wa kwao hapa Afrika Mashariki na huridhika na kivuli kikavu. Maua yanayotaka kumwagiliwa kila jioni hayafai; maji yao huilowesha shingo siku zote. Nyasi za bustani nazo hazifai, kwa sababu zitakatwa, na fyekeo au mashine itajeruhi mizizi kila mwezi.

Watu wa kukaa nao wasisahauliwe. Kivuli cha mti ni ukumbi wa mtaa: hapo huchezwa bao, huuzwa kahawa, husuluhishwa kesi za ndoa. Mtini mkubwa wa ufukweni Mji Mkongwe, Unguja, unaoelezwa kupandwa 1911, umewapa mabaharia na mafundi mashua kivuli kwa vizazi. Mkusanyiko huo hauhitaji kibaraza cha zege kilichogandamana na shina. Benchi la mbao lenye miguu minne, lililowekwa juu ya matandazo, hukalisha watu wale wale, na linahamishika.

Yapo malalamiko mawili ambayo hayapaswi kupuuzwa. La kwanza ni la watu kujikwaa, hasa wazee, watoto na wenye magongo au viti vya magurudumu. Jibu lake ni kuhamisha njia. Njia ipite nje ya mizizi, au inyanyuliwe juu yake kwa mbao zilizolazwa kama daraja fupi, au imwagwe kokoto zinazopitisha maji. La pili ni la ukuta uliopasuka na sakafu iliyoinuka. Mzizi huweza kuinua sakafu nyepesi kweli, na anayepanda mkrismasi mita mbili kutoka ukutani amejitafutia balaa mwenyewe. Miti mikubwa ipandwe mbali, na karibu na nyumba ipandwe midogo. Mti uliokwisha kuwapo ukisumbua, mzizi usikatwe kwa panga la kibarua bila ushauri wa mtaalamu wa misitu, wala isikatwe mizizi ya pande mbili. Kurekebisha sakafu ni kazi ya siku chache. Mti uliokatwa kamba zake hausimamishwi tena.

Miti iliyokwisha kufukiwa mingi bado inaweza kuokolewa. Kazi ianze mwanzo wa mvua au wakati wa baridi, mti ukiwa hauteswi na kiu. Matofali hutolewa kwanza. Udongo hupunguzwa kwa awamu, kwa mikono na vijiti, na sururu huwekwa kando. Mti uliokaa ndani ya kifusi miaka mingi utakuwa umeanza kuitegemea mizizi mipya ya juu, kwa hiyo haufichuliwi wote siku moja. Vimizizi vinavyolikaba shina hukatwa vikiwa bado vyembamba. Kilichokwisha kuwa kinene huachiwa mtaalamu. Shingo ikionekana, huachwa ikauke na kupigwa na hewa, kisha matandazo hutandazwa kuanzia shubiri moja. Zege lililo karibu hubomolewa kadiri mfuko unavyoruhusu, kipande kwa kipande, na kila kipande kinachoondoka ni faida.

Novemba 2020, mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mitini, wa kandokando ya Waiyaki Way jijini Nairobi uliokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta baada ya wananchi kupinga kukatwa kwake kupisha barabara ya juu. Tukio hilo lilionyesha kwamba watu wa miji hii wanaipenda miti na wako tayari kuitetea mbele ya shoka. Upendo huo haujafika bado kwenye toroli la kifusi na mfuko wa saruji, ingawa mwisho wake ni ule ule. Mwenye mti na atoke leo aende akaangalie mahali shina lake linapokutana na ardhi. Likitanuka na kuonyesha migongo ya mizizi, liachwe lilivyo, litandaziwe majani. Likiingia ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme, limefukiwa, na udongo ulioongezwa juu yake uanze kutolewa msimu wa mvua unaokuja.